Wa Mwisho Jukwaani

Umeme ulikatika kabla Sindano hajamaliza kushona mfuko wa kwanza wa siku. Mashine zote zikanyamaza kwa pamoja kama watoto waliosikia hatua za mwalimu, na nje, upande wa nguzo, kitu kikalipuka na kutoa moshi mweusi. Kasuku, mshona vifungo, ambaye mdomo wake haukuwahi kuhitaji umeme, ndiye aliyetoka mbio na kurudi na habari: transfoma imeungua, mafundi wanasema mpaka kesho, Mungu akipenda.

Siku za kawaida, hapo mwenye karakana angesimama mlangoni na kuwarudisha wote nyumbani bila malipo. Lakini jana yake sare za shule zilikuwa zimepokewa bila hata shati moja kurudishwa, na Mama Kiwanda, kama walivyomwita, aliamka na moyo mweupe. Alisimama kando ya meza ya kukatia, mikono kiunoni, akawatazama wafanyakazi wake mmoja mmoja.

"Mkienda nyumbani mtanifanyia nini? Mtalala tu. Pandeni gari, nawapeleka milimani."

"Milimani kuna nini, Mama?" Kasuku aliuliza.

"Kuna waya. Unafungwa mikanda, unatelezeshwa juu ya bonde, huyoo, mpaka upande wa pili. Mwanangu alienda na wenzake akarudi sauti imekauka kwa kupiga kelele. Leo nalipa mimi, hata chakula."

Karakana ikalipuka kwa vigelegele. Sindano naye alipiga makofi. Kisha mkono wake mmoja ukashuka wenyewe tumboni, naye akauondoa haraka kama mtu aliyegusa pasi ya moto.

Alikuwa na mimba, na hakuna aliyejua. Hakujua Kasuku, rafiki yake wa kugawana naye kila kitu. Hakujua Mama Kiwanda. Hakujua hata mume wake, aliyelala naye kitanda kimoja.

Mwaka uliopita, aliposhika mimba, alisema mapema. Alimwambia mume wake siku ileile aliyothibitisha, na mume wake, fundi wa kuezeka, kesho yake aliitangaza akiwa juu ya paa la mtu, nyundo mkononi, mpaka wapita njia wakasimama kumpongeza. Wiki hiyohiyo alileta mbao za kitanda cha mtoto. Kisha siku moja Sindano aliinama karakana kubeba jora la kitambaa, na kabla ya jioni hapakuwa na cha kuwekwa kitandani. Yale maumivu aliyamudu. Kilichomshinda kilikuwa kuzirudisha zile habari. Kumwambia mtu kwamba una mimba ni kazi ya pumzi moja. Kumwambia kwamba haipo tena ni kazi ya mlango hadi mlango. Miezi mingi baadaye mwenye duka wa kule kona alimwuliza, "Mtoto hajambo?" Sindano alishika mfuko wake wa sukari, akajibu, "Hajambo," akaondoka. Tangu hapo sukari ananunua kwingine.

Safari hii alijiapiza kwamba tumbo litajisemea lenyewe. Na kulikuwa na sababu ya pili, ambayo hakupenda kuiita kwa jina. Mama Kiwanda alikuwa anafungua karakana nyingine, na alitaka msimamizi. Kila mtu alijua kwamba ni Sindano au Mrembo, yule wa meza ya kukatia. Vilevile kila mtu alijua yaliyowapata walioshika mimba pale karakana: walipewa mapumziko kwa maneno matamu, na waliporudi na watoto mgongoni walimkuta mtu mwingine amekaa kwenye mashine zao. Mume wa Sindano alikuwa nyumbani na plasta tangu kwenye kiwiko hadi vidoleni, baada ya paa moja lililolowa kumtupa chini. Nyumba nzima ilikuwa inakula kwa mkono wa Sindano.

"Sindano!" Mama Kiwanda aliita, akifungua mlango wa gari. "Njoo huku mbele, ukae na mimi."

Wenzake wakatazamana. Kiti cha mbele hakikuwa kiti tu.

*

Gari lilikuwa lile la kupelekea sare, lenye mabenchi mawili ya mbao nyuma. Walipanda milima wakiimba, magoti yakigongana, huku Kasuku akiwachambua waume wa wenzake mmoja baada ya mwingine. Mbele, Mama Kiwanda alizungumzia karakana mpya: madirisha mapana, mashine nzuri, na stoo yenye mlango wa chuma.

"Nataka mtu mwenye moyo," alisema. "Mtu ambaye nikimwambia ruka, ananiuliza wapi, haniulizi kwa nini."

"Ndiyo, Mama."

"Wewe unaogopa vya juu?"

"Mume wangu ndiye wa vya juu, Mama. Mimi wa vya kukaa."

Mama Kiwanda alicheka mpaka dereva naye akacheka. "Leo tutajua."

Nyumbani kwa Sindano simu ilikuwa moja, na tangu mume aanguke ilibaki kwake, maana huenda mteja wa paa akapiga. Waliposimama kununua maji, Sindano aliomba simu ya Kasuku, akaandika: *Hakuna umeme. Bosi anatupeleka matembezi milimani. Nitarudi jioni.* Jibu lilikuja palepale: *Sawa mke wangu. Angalia usipande kitu chochote. Mmoja akianguka nyumba hii inatosha.*

Kasuku alilisoma kabla ya kumwonyesha. "Mumeo anakupenda kwa wivu wa milima," alisema, akamfinya shavu. "Na mbona una rangi hiyo? Gari limekuchafua roho?"

"Kona nyingi."

"Kona! Tangu juzi nakuona na ndimu mdomoni."

"Kasuku, kunywa maji yako."

*

Huko juu kulikuwa na baridi ya kuumiza masikio. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni, ukificha misonobari na kuifichua tena. Jukwaa la mbao lilitokeza ukingoni kama ulimi, na kutoka kwenye nguzo yake waya ulikwenda mbele, ukapinda kidogo, ukapotea kwenye ukungu. Upande wa pili ulionekana kwa vipindi tu, mdogo kama kibanda cha kuku.

Kwanza walipimwa uzito, mbele ya watu. Mizani iliwekwa chini ya paa la bati, na mwanamke mmoja mwenye koti la manjano, mfunga mikanda, alisoma kila uzito kwa sauti ili mwenzake achague mikanda ya kufaa. Kila mtu alipigiwa kelele lake. Sindano alipanda akishikilia pumzi, kana kwamba pumzi ndiyo nzito.

"Haa!" Kasuku alipasua kicheko. "Sindano umekuwa msumari! Nani anakulisha hivyo, na mume mwenyewe yuko nyumbani?"

"Ndiyo raha ya mume kuwa nyumbani," Mrembo alisema, na wote wakaangua kicheko. Sindano naye alicheka. Alicheka kuliko wote, maana asiyecheka hutazamwa.

Mfunga mikanda hakucheka. Alimtazama Sindano jinsi alivyoshuka kwenye mizani, mguu mmoja kwanza na mkono umeshika nguzo, kisha akapanda juu ya sanduku la mbao.

"Sikilizeni, jamani. Mwenye ugonjwa wa moyo, mwenye presha, mwenye kifafa, aliyepasuliwa hospitali siku za karibuni, na mjamzito, asipande. Asimame pembeni hapa, hakuna atakayemcheka. Mkanda unabana, na breki ya kule mwisho inakata ghafla. Kuna mtu?"

Upepo ulipita. Sindano alitazama viatu vyake. Alikiona kidole kimoja kikitaka kutoka mahali uzi ulipoachia, akajiambia kwamba jioni atakishona kiatu.

"Hapa wote wazima," Mama Kiwanda alijibu kwa niaba ya watu wake. "Presha ninayo mimi, na ni ya wateja."

Yeye ndiye aliyetangulia. Alifungwa mikanda, kofia ngumu ikakaa juu ya kilemba chake kama sufuria juu ya nyingine, na kabla ya kuachiwa aligeuka. "Msimamizi wangu namsubiri upande ule," alisema, akimtazama Sindano machoni. Kisha akaenda na waya, akipiga mayowe ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia kutoka kwake, na ukungu ukamfunika.

Redio mkononi mwa mfunga mikanda ikakwaruza: "Amefika. Lete mwingine."

Ndivyo walivyofanya kazi. Wa upande huu alitangaza anayekuja, wa upande ule alitangaza aliyefika, na hakuna aliyeachiwa kabla ya aliyemtangulia kufunguliwa.

"Tangulia wewe," Sindano alimwambia mshona kola.

"Tangulia," alimwambia mpiga pasi.

Mrembo alipofika ukingoni alikuwa anatetemeka waziwazi, meno yakigongana. Alifumba macho, akaita mama yake, akaenda. Sindano aliona jambo moja kwa uwazi wa kuumiza: Mrembo ameogopa, na amekwenda.

"Na mimi nikufuate?" Kasuku aliuliza, mikanda tayari mwilini. "Au twende pamoja tushikane mikono?"

"Hawaruhusu. Nenda, nakuja."

Kasuku akaenda, akizungumza njia nzima. Waliobaki jukwaani wakawa wawili.

*

Mfunga mikanda alimvalisha bila haraka. Mkanda mmoja ulipita kila paja, mwingine mabegani, na wa mwisho, mpana, ukakaa chini ya kitovu. Aliuvuta, akasita, akaulegeza tena.

"Dada," alisema, "sasa hakuna mtu hapa. Nitakuuliza mara moja tu, na ukinijibu hapana nitakuamini. Una mimba?"

Miezi yote hiyo Sindano alikuwa ameandaa majibu ya kila namna: chakula kimenikataa, ni joto, ni kona, ni uchovu. Hakuwa ameandaa jibu la swali lenyewe, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Alifungua mdomo. Machozi yakatangulia.

"Ndiyo," alisema.

Mfunga mikanda hakusema pole wala hongera. Alianza kumfungua, kifungo cha kwanza, kifungo cha pili, kwa mikono myepesi.

"Waambie naogopa," Sindano alimwomba. "Nakusihi dada yangu. Sema nimeogopa tu."

Mwanamke yule aliinua redio. "Wa mwisho haji. Ameingiwa na hofu."

Mkwaruzo, kisha sauti ya mwanamume wa upande ule: "Kiongozi wao anasema haiwezekani. Anaomba aongee."

"Redio si ya wateja."

"Mwambie wewe sasa, ameshaishika."

Sauti ya Mama Kiwanda ikaja, imechanwachanwa na upepo lakini haina shaka. Nyuma yake walisikika wengine wakicheka na kuimba jina la Sindano, kama watu walio uwanjani.

"Sindano! Hata Mrembo amevuka! Unaniaibisha! Fumba macho uje!"

"Hawezi kulazimishwa," mfunga mikanda alijibu redioni.

"Simlazimishi. Namwambia tu. Asiponivukia leo, asinililie kesho. Stoo ya watu siwezi kuikabidhi kwa mtu anayeogopa kamba!"

Sindano alitazama waya. Wazo lilimjia, tena lilikuja limevaa nguo safi kabisa: ni dakika ngapi? Unafumba, unafumbua, umefika. Wangapi wamebeba maji kichwani, wamelima, wamepanda malori na mimba zao, wakazaa salama? Mkanda unaweza kukazwa juu kidogo. Ukungu ulifunguka, akawaona kule ng'ambo, wadogo, mikono juu, wanamwita. Akiufikia upande ule, mume wake anaweza kukaa na plasta yake mpaka mfupa ushikane sawasawa, bila kurudi juani na mkono mbichi. Asipofika...

Kisha akalikumbuka lile jora. Nalo lilikuwa la dakika moja. Nalo aliambiwa, hebu lisogeze tu mara moja.

Alinyoosha mkono. Mfunga mikanda alimtazama, akampa redio, akamwonyesha kitufe.

"Mama, ni mimi."

"Eeh! Unakuja?"

"Siji. Na si kwamba naogopa. Nina mimba, Mama."

Akaachia kitufe. Upande wa pili wimbo ulikatika katikati ya jina lake. Kwa muda redio ilitoa upepo mtupu. Halafu, mbali na kinywa cha redio lakini kwa nguvu ya kuvuka bonde bila msaada wa chombo chochote, Kasuku akapiga kigelegele.

*

Walirudi kwa njia ya miguu inayozunguka bonde, na Sindano aliwasubiri garini pamoja na dereva, ambaye naye alikuwa amesikia, kwa sababu redio ya pili ilikuwa kwenye kibanda cha tiketi. "Hongera," dereva alimwambia, kisha akajifanya anakagua tairi.

Wenzake walifika wakihema, wakamvamia. Mshona kola alimkumbatia, mpiga pasi akamvua kofia ya baridi na kumvisha yake iliyo nzito. Kasuku alilia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Mwizi wewe! Ndimu zile! Msumari ule! Na mimi nakutania mizani! Ila nimekulipa, nimekutangaza mpaka watoto wangu wamejua."

"Umenitangaza wapi?"

"Kwenye kikundi chetu. Kule juu mtandao unashika vizuri kuliko mjini."

Kikundi cha karakana kilikuwa kwenye simu za wote, pamoja na ile moja iliyobaki kwa mume wa Sindano.

"Kasuku. Futa."

"Kwani vipi? Ni habari nje—"

"Mume wangu hajui! Futa!"

Kasuku alikifungua kikundi kwenye simu yake. Maneno yake yalikuwa pale, kwa herufi kubwa, yamezungukwa na maua na vitoto vinavyonyonya vidole. Chini yake wenzao walikuwa wameshaandika hongera, hongera sana, Mungu akufungue salama, tunasubiri pacha. Na chini ya hizo zote, kutoka kwa namba ya Sindano, palikuwa na neno moja.

*Asanteni.*

Sindano alilitazama. Jina lake lilikuwa limejibu lenyewe. Kasuku aliufuta ujumbe wake, ikabaki alama ya kuonyesha kwamba kuna kitu kimefutwa, na hongera zote zikaendelea kuning'inia pale kama nguo kwenye kamba ya mtu aliyehama.

"Nisamehe," Kasuku alinong'ona. "Rafiki yangu, nisamehe."

Mama Kiwanda alifika wa mwisho, kilemba kimekaa upande. Aliwatazama, akafungua mlango wa mbele.

"Mrembo, njoo ukae huku. Sindano akae nyuma, katikati, asirushwe na mashimo. Mpeni nafasi mama wa watu."

Lilikuwa neno la huruma, na wote waliliitikia kama huruma, wakambananisha Sindano kwa koti na mikoba ili asitikisike. Mrembo alipanda mbele bila kumtazama mtu.

Walishuka nusu ya mlima. Kisha Mama Kiwanda akasema, macho yakiwa barabarani, "Ungeniambia asubuhi."

"Ningekuambia asubuhi, Mama, ningekuja nimekaa kiti gani?"

Mpiga pasi alikohoa. Dereva alipunguza mwendo bila sababu.

"Usinifumbie maneno mbele ya watu."

"Basi niulize wazi, Mama, nami nitajibu wazi."

"Sina cha kuuliza. Karakana mpya inataka mtu wa kusimama kutwa. Wewe siku si nyingi utataka kukaa. Mrembo ataanza. Wewe pumzika."

"Sijaomba kupumzika."

"Nimekuombea mimi. Na wewe ni mzazi, utanishukuru."

Mrembo aligeuka nusu, kisha akarudisha uso mbele. Kasuku aliutafuta mkono wa Sindano katikati ya mikoba, na Sindano akamwachia aushike, ingawa hakuubana. Kazi imekwenda, alijiambia. Ameikosa ndani ya gari, amefunikwa makoti ya watu. Lakini kilichokuwa kinamsumbua hakikuwa hicho. Kilikuwa lile neno moja, *Asanteni*, na mkono mmoja mzima ulioliandika.

*

Jua lilikuwa bado halijazama alipofika. Mlango wa chumba chao ulikuwa wazi. Mume wake alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mkono wa plasta umelala juu ya mto, simu juu ya goti. Alikuwa amevaa shati, jambo ambalo kwa mkono ule lilimchukua muda mrefu, na alikuwa amekosea vifungo.

"Umefika," alisema.

"Nimefika, Fundi."

"Umeruka?"

"Sikuruka."

Alimnyooshea simu. "Hongera zako zimo humu. Zilikuwa zinaingia, zinaingia, nikadhani kuna mtu amekufa. Sikujua niwaambie nini, nikawaambia asanteni. Kama nimeitikia uongo, nirekebishe."

"Si uongo."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubaliana na bei mbaya. "Kasuku anajua. Mshona kola anajua. Bosi?"

"Anajua."

"Na dereva?"

"Na dereva."

"Mpaka dereva." Alicheka kicheko kibaya. "Nani wa kwanza? Niambie tu, nimjue."

"Yule anayefunga watu mikanda."

"Mtu ambaye hata jina lako halijui."

"Halijui."

"Ukamwambia yeye kabla yangu."

"Yeye aliniuliza," Sindano alisema.

Nje watoto wa jirani walikuwa wanagombania mpira. Mume wake alimtazama.

"Ningekuulizaje kitu nisichokijua?"

"Nimetapika kwenye beseni lile kila asubuhi, wewe umelala hapo, uso umegeukia kwangu. Ulisema nini?"

Alifikiri. Mdomo wake ulianza kujikunja mahali pasipo pa kucheka. "Nilisema uache kula viporo."

"Ulisema niache kula viporo."

Hakuna aliyecheka, lakini kitu ndani ya chumba kililegea kidogo. Aliinamisha kichwa, akaanza kukuna ukingo wa plasta kwa ukucha, unga mweupe ukidondoka kwenye suruali.

"Nilijua," alisema. "Sikujua kabisa. Nilihisi. Nikaogopa kuuliza." Kisha akaendelea haraka kama mtu anayeteremka ngazi mbovu. "Mwaka jana nilikuwa nakuuliza kila siku. Anacheza? Amelala? Anataka nini leo? Mpaka siku ile nikauliza, na wewe ukanyamaza. Nikajiambia safari hii nisiulize. Nisipouliza, hakuna siku utakayoninyamazia."

Sindano alikaa kwenye kigoda, akiwa bado na kofia ya mpiga pasi kichwani. Mtu huyu aliyepiga kelele juu ya paa la watu. Naye Sindano alidhani yeye peke yake ndiye anayetembea kwenye nyumba hii kwa ncha za vidole.

"Usimamizi amepewa Mrembo," alisema. "Niliposema tu. Ndani ya gari, mbele ya wote."

Mume wake alitazama plasta, kisha sakafu. "Ni kwa sababu yangu. Mkono huu ungekuwa mzima—"

"Hapana, Fundi. Usiubebe na mzigo huo. Mimi nilikuwa na waya mbele yangu, nikachagua. Na kesho nakwenda kukaa kwenye mashine yangu kama kawaida. Atakayetaka kunitoa aje aniambie usoni, asinitoe kwa kunihurumia."

"Atakuambia."

"Na aniambie. Watakuwepo wa kusikia."

Mume wake alisogea mbele kitandani mpaka magoti yake yakakaribia kugusa ya Sindano, akasafisha koo.

"Basi na mimi nakuuliza," alisema. "Mke wangu. Unajisikiaje?"

Sindano alitaka kusema hajambo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limezoea njia.

"Nina njaa," alisema. "Kiuno kinaniuma. Nimekosa kazi ambayo mikono yangu inaiweza, na nina hasira mpaka masikio yanawaka. Na naogopa. Ule waya ni mchezo wa watoto. Kila nikienda chooni naogopa."

"Mimi pia," alisema.

Aliinuka, akaenda kwenye kona ya jiko. Chakula cha mchana kilikuwa kimebaki sufuriani. Alichuchumaa, akabana kiberiti katikati ya magoti yake, akachomoa kijiti kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haukuwahi kufanya kazi ya maana maisha yake yote. Alikwaruza. Kijiti kikakatika. Alichukua kingine, nacho kikaangukia nyuma ya jiko.

Kwa Sindano ilikuwa kazi ya kupepesa jicho. Tangu mume wake aanguke, yeye ndiye aliyewasha, aliyepika, aliyefunga vifungo, aliyekata kucha. Alishaanza kunyanyuka kutoka kwenye kigoda.

"Kaa," mume wake alisema bila kugeuka.

"Nimekaa," alisema, akakaa.

Alivua kofia, akainyoosha miguu yake mbele, na akamwacha achukue kijiti kingine.